Hewa Iliyozaa Jembe

Wajukuu zangu, mvua ikinyesha hapa Matete barabara ya maramu hutufuata hadi nyumbani. Viatu vyekundu, soksi nyekundu, na mama mlangoni anagomba. Wekundu huo ni chuma. Sisemi kwa fumbo. Ni chuma kile kile cha jembe, cha panga na cha misumari ya kupigilia mabati, ila kimeshikana na oksijeni, ile hewa tunayoihitaji kila tunapovuta pumzi. Chuma kikishikana na oksijeni hubadilika kabisa: hakilii ukikigonga, hakinoleki, na ukikisugua kinakuachia vumbi vidoleni. Wanasayansi hukiita oksaidi ya chuma.

Maramu yetu haina oksaidi ya kutosha kumfaa mfua chuma, kwa sababu imejaa mchanga na udongo wa kila aina. Lakini shikeni njia ya magharibi, mpite Bungoma, muingie kaunti ya Busia, mtafika kwenye milima ya Samia. Huko kuna miamba yenye mistari mistari, na jiwe dogo tu mkononi linakushangaza kwa uzito. Wasamia, ndugu zetu katika Waluhya, walijulikana kote upande huu kwa kutoa chuma katika mawe hayo. Majembe yao yalisafiri kwa miguu ya wachuuzi hadi kwa Waluhya wengine na kwa Waluo, na binti alipoolewa, majembe yalihesabiwa katika mahari. Mwenye majembe alikuwa mtu wa mali, na asiyekuwa na jembe alilima kwa mti uliochongwa.

Sasa, waliwezaje kutoa jembe ndani ya jiwe?

Hapa kuna jambo ambalo hata watu wazima hulisema vibaya. Watakuambia, "Waliyeyusha mawe, chuma kikatiririka." Si kweli, na ningependa kizazi chenu kiache kulirudia. Chukua jiwe jekundu la Samia, ulichome peke yake kwa moto mkali, lipate moto hadi ling'ae. Likipoa utakuwa na jiwe, halafu jiwe lenyewe bado ni oksaidi. Moto peke yake haukusaidii, kwa kuwa chuma hakikujificha ndani ya jiwe kikingoja kutoka. Kimefungamana na oksijeni atomu kwa atomu. Katika kila kilo 160 za oksaidi nyekundu iliyo safi, ile inayoitwa hematiti, kilo 112 ni chuma na kilo 48 ni oksijeni. Fikirini hilo kidogo: asilimia 30 ya jiwe gumu la kuvunjia nyundo ni ile ile hewa tunayovuta.

Dhahabu haina taabu hiyo. Mwaka 1931, dhahabu ilipogunduliwa hapa Kakamega, watu walimiminika kutoka kila upande na machepe na makarai, na mpaka leo kule Ikolomani wapo wanaoosha mchanga wakitafuta punje. Mwenye kuosha dhahabu anaitenga tu na uchafu, kwani dhahabu haina habari na oksijeni. Inakaa ardhini miaka na mikaka ikiwa dhahabu, na inatoka ikiwa dhahabu. Chuma, hata ukikiosha mwaka mzima, utabaki na matope mekundu.

Mmewahi kumwona mtoto sokoni ameng'ang'ania leso ya mama yake? Mvute, atalia na kushika zaidi. Lakini akitokea shangazi na kipande cha muwa, mtoto anaiachia leso mwenyewe na kukimbilia muwa. Oksijeni ndiyo mtoto huyo, na chuma ndicho mama. Hatuivuti oksijeni kwa nguvu. Tunaiwekea kitu inachokipenda kuliko chuma. Kitu hicho ni kaboni, na kaboni imejaa tele katika makaa tunayopikia.

Basi mtauliza: kwa nini nisichanganye tu makaa na mawe ndani ya chungu? Mtakuwa mmeuliza vizuri. Jiwe ni gumu na kaa ni gumu, na vitu viwili vigumu vikikaa pamoja vinagusana kwenye pembe pembe tu. Kaboni iliyo katikati ya kaa haiwezi kuruka na kuingia katikati ya jiwe. Inahitaji mjumbe, na mjumbe huyo ni hewa.

Sikilizeni anavyozaliwa. Pale upepo wa mvukuto unapoingia tanuruni, makaa huwaka vikali. Kila atomu ya kaboni inachukua atomu 2 za oksijeni na kuwa kaboni dioksaidi, na joto kubwa hutoka. Hewa hiyo inapanda, lakini juu yake imejaa makaa mengine yaliyo mekundu kwa moto, na huko oksijeni huru imeshakwisha. Hapo kaboni ya makaa inainyang'anya kaboni dioksaidi atomu moja, na tunapata hewa mpya, kaboni monoksaidi, yenye atomu moja tu ya oksijeni mahali palipoweza kukaa mbili. Hewa hii ina njaa. Inapenya kila ufa na kila tundu la jiwe, na ikikutana na oksijeni iliyoshikana na chuma, inaichukua na kuondoka nayo. Katika oksaidi nyekundu, kwa kila atomu 2 za chuma kuna 3 za oksijeni, kwa hiyo zinahitajika molekuli 3 za hewa hii yenye njaa. Kwa alama za wanakemia:

Fe2O3 + 3CO → 2Fe + 3CO2

Hesabuni atomu upande wa kushoto, kisha upande wa kulia. Hakuna iliyopotea, hakuna iliyoongezeka. Zimebadilishana majirani tu.

Wala oksijeni haiondoki yote kwa mpigo. Kwanza hutoka kidogo, na jiwe jekundu hugeuka jeusi na kuanza kuvutwa na sumaku. Kisha hutoka nyingine, na nyingine, mpaka chuma kibaki peke yake. Haya yote huanza joto likiwa bado chini sana ya lile la kuyeyusha chuma. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi. Katika matanuru ya kale kazi kubwa ilifanyika chuma kikiwa bado kigumu, ndani ya jiwe lenyewe. Ndiyo maana nilikataa lile neno la kuyeyusha mawe.

Nisimame hapa kidogo, maana hewa hii si ya hadithi tu. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na njaa yake haichagui. Ukilala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha, hewa hiyo hiyo huingia damuni na kukaa mahali pa oksijeni, na mtu huenda asiamke. Usiku wa baridi ya Julai, jiko likae nje. Mkiona mtu analiingiza chumbani ili apate joto la kulalia, hata kama ni mkubwa wenu, mwambieni kwa heshima, lakini mwambieni.

Turudi tanuruni. Ninayoweza kuwaeleza kwa undani ni matanuru ya ng'ambo ya pili ya Ziwa Victoria, katika mkoa wa Kagera, Tanzania, kwa Wahaya. Miaka ya 1970 mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, alikuwa akichimba katika kijiji cha Katuruka na maeneo ya jirani, akakuta mabaki ya matanuru ya chuma. Umri wake ulipopimwa, mengine yalionekana kuwa na kati ya miaka 1,500 na 2,000. Bahati nzuri, wazee walioifanya kazi hiyo ujanani walikuwa bado hai. Majembe ya kuletwa kutoka nje yalikuwa yameiua kazi yao miaka mingi kabla, na iliwabidi wakae chini wakumbushane hatua moja baada ya nyingine. Kisha wakajenga tanuru.

Walichimba shimo na kulikandika kwa udongo wa kichuguu. Mchwa ni mafundi. Udongo wao ni laini, umeshikana, na unastahimili moto kuliko udongo mwingi mwingine. Shimo wakalijaza matete ya kinamasi yaliyochomwa yakawa meusi. (Matete, ndiyo. Msicheke.) Juu ya shimo wakajenga ukuta wa duara unaopungua kwenda juu, kwa udongo ule ule wa kichuguu na vipande vya takataka za matanuru ya zamani. Kuzunguka chini wakaingiza mirija ya udongo 8, na kila mrija ukawekewa mvukuto wa kupuliza. Mawe ya chuma hayakutupwa tanuruni yakiwa mabichi. Kwanza yalichomwa juu ya kuni ili maji yatoke na mawe yapasuke nyufa. Nyufa hizo ndizo milango ya ile hewa yenye njaa. Baada ya hapo makaa na mawe yakamiminwa kwa zamu, na wapulizaji wakaanza kazi, wakipokezana kwa saa nyingi, kwa nyimbo, jasho likiwatoka.

Mirija yao haikuishia ukutani. Iliingia hadi ndani ya moto. Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika mwaka 1978 katika jarida la Science kwamba upepo ulipata joto ukiwa bado mrijani, na kwa hiyo moto wa tanuru ulipita nyuzi 1,800 karibu na midomo ya mirija. Wataalamu wengine wamebishana nao kuhusu hoja hiyo ya upepo kupashwa joto, na ubishi ni haki ya sayansi. Ambalo halina ubishi ni kwamba chuma kilitoka, na kilikuwa kizuri. Ipo filamu ya mwaka 1988 iitwayo The Tree of Iron inayoonyesha kazi hiyo, na mwalimu akiipata nitafurahi muione, kwani vitabu vingi vya kemia huanzia Ulaya kana kwamba huku kwetu hakuna aliyewahi kupuliza moto.

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kazi hii ilizungukwa na miiko. Tanuru lilifananishwa na mama mjamzito, dawa zilifukiwa chini yake, na wafua chuma walikaa mbali na wake zao mpaka kazi iishe. Wengine huyacheka hayo. Mimi siyacheki. Kazi ambayo saa moja ya uzembe wa mpulizaji inaharibu makaa ya wiki nzima inahitaji watu ambao akili zao zote ziko pale. Na siri ya ufundi iliyofungwa kwa mwiko haiibwi kirahisi na jirani.

Sasa kuna jambo la mchanga. Mawe ya chuma huja na mchanga ndani yake, na mchanga nao ni oksaidi, ya kitu kiitwacho silikoni. Oksijeni imeishika silikoni kwa nguvu kiasi kwamba makaa ya tanuru la udongo hayawezi kuiachisha. Mchanga ukibaki ndani ya chuma, jembe litavunjika siku ya kwanza. Wazee walifanyaje? Walikubali hasara. Sehemu ya oksaidi ya chuma iliungana na mchanga, na mchanganyiko huo huyeyuka mapema, karibu nyuzi 1,200, ukatiririka hadi chini ya shimo na kuganda. Takataka hiyo huitwa mavi ya chuma. Ni nyeusi, nzito, inang'aa kidogo. Kwa Wahaya ilishuka katikati ya matete yaliyochomwa na kuchukua alama zake, na alama hizo bado zinaonekana kwenye vipande vinavyochimbuliwa leo. Kwa hiyo kila tanuru la kale lilitupa sehemu ya chuma chake ili kingine kitoke safi. Mkiwa mnatembea Samia au popote mkakuta vipande vizito vyeusi vyenye matundu, msivirushe mtoni. Mwonyesheni mwalimu, maana huenda mmesimama juu ya kiwanda.

Kilichobaki tanuruni kilikuwa bonge la chuma lenye matundu matundu, halipendezi hata kidogo. Mfua chuma alilirudisha motoni na kulipiga juu ya jiwe, tena na tena, mavi yaliyobaki yakichuruzika na kuruka cheche, mpaka bonge likashikamana na kuwa kipande kimoja. Ndipo likafuliwa jembe, mkuki au kisu.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa njia hiyo na nyingine majembe ya Ulaya yakaja kwa wingi na kwa bei ambayo tanuru la udongo halikuweza kushindana nayo. Kutoa chuma katika mawe kukafa. Kufua chuma hakukufa. Nendeni kwa fundi wa jua kali sokoni mkamwone akigeuza springi ya lori kuukuu kuwa panga au shoka. Chuma chakavu anachotumia kiliachishwa oksijeni na watu wengine zamani, katika tanuru kubwa la kiwandani, lakini kwa njia ile ile: kaboni, upepo mwingi, na hewa yenye njaa. Tofauti kubwa ni kwamba tanuru la kiwandani lina joto na kaboni kiasi cha kuyeyusha chuma kweli, kikatoka kama uji.

Si kila metali ni kaidi sawasawa. Kule Katanga, nchini Kongo, mababu walitoa shaba katika mawe ya kijani yaitwayo malakaiti na kuimimina katika maumbo ya misalaba iliyotumika kama fedha. Shaba huiacha oksijeni kwa urahisi. Ukilichoma jiwe la kijani linageuka oksaidi nyeusi, makaa yanaichukua oksijeni bila ubishi, na shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1,085 tu. Mafundi hao waliitwa walaji wa shaba, kwa vile ndiyo iliyowalisha.

Upande wa pili yuko aliye kaidi kuliko chuma, na yuko jikoni kwenu: sufuria. Sufuria ya alumini. Ardhi ina alumini nyingi kuliko chuma katika tabaka lake la juu, lakini imeishika oksijeni kiasi kwamba tanuru la Wahaya lingepulizwa mwaka mzima bila kupata hata ya kutengenezea kijiko. Ilibidi watu wangoje umeme. Mwaka 1886 vijana wawili, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kwake na bila kushauriana, waligundua njia moja: yeyusha oksaidi ya alumini ndani ya chumvi ya madini iitwayo kriolaiti, kisha pitisha umeme mwingi. Wote wawili walizaliwa mwaka 1863. Walikuwa na umri wa kaka zenu walioko chuo.

Kwa kuwa alumini inaipenda oksijeni kuliko chuma kinavyoipenda, mnaweza kubahatisha litakalotokea zikichanganywa unga wa alumini na oksaidi ya chuma kisha zikawashwa. Alumini inainyang'anya oksijeni kwa ghadhabu, joto linapita nyuzi 2,000, na chuma kinatiririka kikiwa maji. Mjerumani Hans Goldschmidt ndiye aliyeitengeneza njia hiyo, na mwaka 1899 ilitumiwa kuunga reli za tramu katika mji wa Essen. Mafundi wa reli duniani wanaitumia hadi leo: wanaweka udongo wa kalibu kwenye kiungo cha reli mbili, wanawasha, na baada ya dakika chache reli zimekuwa moja. Hiyo si kazi ya kujaribia nyuma ya jikoni, wajukuu. Maji hayauzimi moto huo, yanauongezea hatari.

Kazi mnayoweza kujaribu ni ile ya kinyume, kwa sababu chuma hakiachi kurudi kilikotoka. Tafuteni misumari minne mipya na chupa nne za kioo. Msumari wa kwanza uwekeni kwenye chupa kavu, mfunge kifuniko. Wa pili uwekeni kwenye maji yaliyochemshwa na kuachwa yapoe, kisha mmimine mafuta ya kupikia juu ili hewa isiingie. Wa tatu kwenye maji ya bomba au ya mto. Wa nne kwenye maji yenye kijiko cha chumvi. Zipangeni dirishani, na kila jioni kwa wiki moja mchore mnachokiona katika kila chupa, hata kama hamwoni badiliko. Mpelekeeni mwalimu wa sayansi michoro hiyo mumwulize ni msumari upi ulioipata oksijeni kwanza, na kwa nini. Na mkimaliza, msitupe misumari njiani. Hapa kwetu wengi hutembea miguu mitupu.